Limau Halikai: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Odikoloni ya Limau Nyumbani

Anayeanza kuchanganya manukato hulalamikia limau kwa neno moja: halikai. Unajipulizia, unanukia vizuri hadi mlangoni, na kabla hujafika kituoni harufu imekata. Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuongeza mafuta ya limau, na hapo hujiletea mambo mawili mabaya zaidi ya lile la kwanza: ngozi kuungua juani, na harufu ya sabuni ya vyombo. Mwongozo huu haufuati njia hiyo. Limau ni mpiga hodi. Kazi yake ni kufunguliwa mlango na kupisha, na ufundi umo katika kuwapanga walioko ndani, watakaoendelea na mazungumzo yeye akishaondoka.

Kwa nini linakata haraka

Karibu theluthi mbili ya mafuta ya limau ni limonini, ambayo imo pia kwa wingi katika ganda la chungwa na la chenza. Chembe zake ni nyepesi, hivyo kwenye ngozi yenye joto huruka zote kati ya robo saa na nusu saa. Limonini yenyewe hainukii limau hasa. Inanukia uchungwa-chungwa usio na jina. Kinachokufanya useme "hili ni limau" ni sitrali, ambayo ni asilimia 2 au 3 tu ya mafuta hayo. Beta-pinini nayo huongeza ule ubichi unaokaribia msonobari, na gama-tapinini humalizia.

Elewa mgawanyo huo na nusu ya kazi umeimaliza. Maana yake ni kwamba ukitaka ulimau zaidi, huhitaji kumimina mafuta ya limau. Unahitaji sitrali kidogo kutoka kwingine. Na hapa tuna bahati, maana mchaichai unaooteshwa nyuma ya nyumba ni hazina ya sitrali: mafuta yake yana takriban asilimia 70 hadi 80. Tutaurudia.

Jambo jingine la kusema mapema: harufu imo kwenye ganda, haimo kwenye maji ya limau. Usitie maji ya limau kwenye manukato hata tone. Hayanukii baada ya dakika chache, yanachacha, na yakipigwa na jua juu ya ngozi huacha mabaka meusi yanayoweza kukaa kwa miezi.

Hatua ya kwanza: nunua mafuta yanayofaa

Mafuta ya limau hupatikana kwa njia mbili. Yaliyokamuliwa bila moto hutolewa kwa kukwangua na kubana ganda ili vifuko vidogo vya mafuta vipasuke. Kisiwani Sisilia, Italia, kabla ya mashine, kazi hii ilifanywa kwa mikono: ganda lilibanwa juu ya sponji, sponji ikakamuliwa chunguni. Yaliyotolewa kwa mvuke ni rahisi na meupe, lakini moto umeyanyang'anya uchangamfu. Yanafaa kwa sabuni na mishumaa. Kwa odikoloni, yaani manukato mepesi ya alkoholi, chukua ya kukamua.

Mafuta mengi ya limau duniani leo hutoka Argentina, hasa jimbo la Tucumán, ambako viwanda vya juisi huuza mafuta kama zao la pili. Ya Sisilia ni ghali zaidi na yana sifa. Wakulima wa huko huchuma mlimau uleule zaidi ya mara moja kwa mwaka: mazao makuu ya majira ya majani kupukutika na ya baridi huitwa primofiore, yale ya majira ya kuchipua bianchetto, na ya kiangazi verdello, ambayo hupatikana kwa kuunyima mti maji hadi ukaona kiu, kisha kuumwagilia ghafla ili utoe maua nje ya msimu. Mafuta ya mwanzo wa msimu, ganda likiwa bado na ukijani, ndiyo makali na yenye uhai. Kwa anayeanza, ya Argentina yanatosha kabisa. Hela uliyookoa itumie kwenye viungo vya chini, vile vizito vinavyobaki limau likishaondoka.

Mtaani kuna vichupa vilivyoandikwa "mafuta ya limau" ambavyo ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu. Jaribu hivi: dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, iache usiku kucha. Mafuta halisi ya kukamua yataacha alama hafifu ya umanjano, kwa sababu yana nta kidogo ya ganda. Yakiacha doa la mafuta linaloonyesha nuru, kama la karatasi iliyofungiwa maandazi, umeuziwa kitu kingine. Usishtuke kama mafuta mazuri yakiingia ukungu ndani ya friji au kuweka mashapo chini. Ni nta ileile, ichuje.

Uliza pia tarehe. Mafuta ya machungwa na malimau huharibika upesi yakikutana na hewa. Limonini iliyochakaa hunukia tapentaini na ndiyo inayowasha ngozi za watu, kuliko ile mbichi.

Hatua ya pili: piga hesabu ya jua

Sehemu hii isirukwe, hasa na sisi tunaoishi karibu na ikweta. Mafuta ya limau ya kukamua yana furokumarini, mojawapo ikiwa ni bergapteni. Zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, ngozi huungua kama imemwagiwa kitu cha moto, kisha hubaki na weusi. Si mzio wa mtu mmoja mmoja. Kipimo kikizidi, yeyote anaweza kuungua.

IFRA, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya usalama vya manukato, kinaweka kikomo kwa bidhaa inayobaki kwenye ngozi: limau la kukamua lisizidi asilimia 2 ya bidhaa iliyokamilika, ndimu ya kukamua asilimia 0.7, na bergamoti (tunda chungu la jamii ya machungwa) ya kukamua asilimia 0.4. Vikomo hivi hujumlishwa. Ukitumia limau asilimia 1, umekwisha kula nusu ya nafasi yako. Bergamoti unayoweza kuongeza ni asilimia 0.2, basi. Watu wengi wanachanganya vyote vitatu, kila kimoja kwenye kikomo chake, wakidhani wako salama.

Kuna njia tatu za kupumua. Bergamoti huuzwa ikiwa imeondolewa furokumarini, na hiyo haihesabiki. Chungwa tamu nalo halina tatizo hili. Ndimu iliyotolewa kwa mvuke vilevile ni salama juani, ila inanukia soda ya kola zaidi kuliko ndimu uliyoikata sasa hivi kwa ajili ya samaki.

Hatua ya tatu: wapange walioko ndani

Muundo tutakaoufuata ni wa zamani. Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Köln nchini Ujerumani, aliuza maji mepesi yenye bergamoti, limau, chungwa na maua kupitia biashara ya familia yake iliyoanzishwa huko mwaka 1709. Mji ukayapa maji hayo jina, na tangu hapo odikoloni zote ni watoto wake. Waturuki wameifanya yao: kolonya ya limau, yenye alkoholi ya takriban asilimia 80, humiminwa kwenye viganja vya mgeni anapoingia, nasi pwani tungemnyunyizia marashi kwa mrashi.

Udhaifu wa odikoloni ya kale ni huohuo wa kutokukaa. Watu walijimiminia mara kadhaa kwa siku bila kuona tabu. Karne ya 20 ilileta dawa. Mwaka 1966 kampuni ya Kifaransa ya Dior ilitoa Eau Sauvage, iliyotungwa na Edmond Roudnitska. Inafunguka kwa limau na bergamoti, lakini chini yake ipo Hedione, kiungo cha maabara kilichobuniwa na kampuni ya Firmenich ya Geneva, chenye harufu nyembamba ya asumini. Hedione peke yake utaona kama haina maana. Iweke chini ya limau, nalo linaonekana kuwa na nafasi, kana kwamba dirisha limefunguliwa. Kwa maoni yangu hakuna kiungo kingine kinachomsaidia anayeanza kwa bei ndogo namna hiyo.

Kanuni ya kupanga ni kuchagua, katika kila ngazi, kitu chenye undugu na limau, ili linapoondoka pua isigundue pengo.

Juu, pamoja na limau, weka bergamoti na chungwa. Kisha mchaichai, au litsea, ambayo ni tunda la Kichina lenye sitrali nyingi pia lakini safi zaidi, lisilo na umajani. Vyote viwili vina nguvu. Hapa ndipo harufu ya sabuni ya vyombo inapozaliwa: viwanda vya sabuni vimetumia sitrali na ndugu zake kwa miaka mingi, hadi pua zetu zimeshazoea kwamba ulimau mtupu mkali ni jikoni kumeoshwa. Kinachouondoa ulimau jikoni ni uchungu na ukavu. Ndiyo maana nasisitiza petigreni, mafuta ya majani na vitawi vya mchungwa mchungu. Yananukia mti wenyewe, majani na gamba, na hukaa muda mrefu kuliko tunda.

Katikati, lavenda na rozimari kidogo, kama odikoloni za kale, na ua moja. Neroli, mafuta ya maua ya mchungwa mchungu, ndiyo desturi, lakini bei yake inatisha. Langilangi ya Komoro, hasa ile ya Nzwani, inapatikana kirahisi kwetu na inafanya kazi nzuri mradi iwe chembe tu. Ikizidi, odikoloni inakuwa kikuba cha bibi harusi. Kizuri, ila sicho tulichokusudia.

Chini, ubani. Mafuta ya ubani wa Dhufari, Oman, yana pinini na limonini ndani yake, hivyo yana ulimau wa asili, mkavu, wenye moshi kwa mbali. Limau likikata, ubani unaendeleza sentensi. Ongeza mwerezi kwa ukavu, vetiva (mafuta ya mizizi ya nyasi) kwa kina, na miski ya maabara iliyo safi. Udi mzito na halwaridi viweke kwa siku nyingine. Vitalimeza limau katika dakika ya tano. Karafuu inavutia, na tunayo, lakini tone moja huzidi.

Hatua ya nne: pima na uchanganye

Pima kwa gramu. Tone la mafuta ya vetiva na tone la limau hayalingani uzito, na hata dropa mbili za duka moja hazilingani. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 haina bei kubwa, na bila hiyo huwezi kurudia ulichokipenda wala kujua kama umevuka kikomo cha jua. Mengine ni chupa za kioo zenye rangi, dropa za kioo, vijikaratasi vya kunusia na kalamu. Plastiki iepuke, mafuta ya limau huila.

Hiki ni kipimo cha gramu 10 za mchanganyiko mzito, utakaotengeneza gramu 100 za odikoloni:

Limau la kukamua: 1.50
Bergamoti isiyo na furokumarini: 2.00
Chungwa tamu: 1.00
Petigreni: 1.00
Litsea (au mchaichai 0.15, na chungwa likawa 1.05): 0.20
Lavenda: 0.80
Rozimari: 0.20
Langilangi: 0.10
Hedione: 1.00
Ubani: 0.60
Mwerezi: 0.90
Vetiva: 0.20
Miski ya maabara: 0.50

Angalia hesabu ya jua: gramu 1.5 za limau ndani ya gramu 100 ni asilimia 1.5, chini ya kikomo cha 2. Ukiamua kufanya manukato mazito, sema gramu 15 za mchanganyiko badala ya 10, limau litafika asilimia 2.25 na utakuwa umevuka. Katika hali hiyo punguza limau na uongeze chungwa. Ukitaka kuweka ndimu ya kukamua, itoe nafasi yake kwenye limau kwa hesabu ya kikomo chake cha 0.7, usiiongeze juu yake.

Anza na vizito: vetiva, miski, mwerezi, ubani. Miski nyingine ni nzito kama asali ya baridi. Itumbukize chupa yake kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Fuata na Hedione na vya katikati, na matunda yawe ya mwisho, kwa sababu hayo ndiyo yanayoruka wakati chupa iko wazi na wewe unahangaika na mizani. Funga, zungushazungusha bila kutikisa kwa nguvu, na uache mchanganyiko siku mbili tatu kabla ya kuutia alkoholi.

Alkoholi iwe ethanoli safi ya asilimia 95 au 96, au ile maalumu ya watengeneza manukato. Spiriti ya kuwashia jiko usiiguse: mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu hata ikipenya kwa ngozi, na harufu yake haifichiki. Pima gramu 80 za ethanoli, tia mchanganyiko wako wa gramu 10 ndani yake. Fanya haya mbali na moto, dirisha likiwa wazi.

Maji yaliyotoneshwa, gramu 10, subiri nayo. Weka chupa kabatini penye giza na ubaridi kwa wiki mbili kwanza. Siku za mwanzo utasikia alkoholi ikipiga pua na kila kiungo kikisema chake. Kuanzia wiki ya pili vinaanza kusikilizana. Kisha ongeza maji kidogo kidogo. Mafuta ya jamii ya limau hayapendi maji, na yakikataa utaona ukungu mweupe kama wa maji ya mchele. Ukiuona, acha hapo, ongeza ethanoli kidogo hadi uondoke. Mwisho chupa ikae usiku kucha ndani ya friji na uichuje ingali baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Nta zote zitabaki kwenye karatasi.

Hatua ya tano: nusa kwa saa

Kosa la kawaida ni kuamua papo hapo. Chovya kijikaratasi, andika saa, nusa mara moja, kisha baada ya dakika 15, saa 1 na saa 4. Karatasi haina joto, hivyo limau litadumu juu yake kuliko mkononi. Jaribu pia kwenye kigasha cha mkono, sehemu ndogo kwanza, na usubiri kesho yake kuona kama pamewasha. Asubuhi pua ni nzuri kuliko jioni, na kabla ya chai ni nzuri kuliko baada ya kitunguu.

Dakika 15 ndipo pa kutazama sana. Ikiwa hapo unasikia shimo, yaani limau limeondoka na vya chini havijafika, tatizo ni katikati: ongeza petigreni au Hedione, usiongeze limau. Ikinukia sabuni, punguza litsea kwa nusu na uongeze vetiva kidogo sana. Ikiwa inanukia dawa ya kikohozi, rozimari na lavenda zimezidi. Ikiwa ni tapentaini, hakuna cha kurekebisha. Mafuta yako yalikuwa yamechakaa na ni bora kuanza upya na chupa nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na uandike. Daftari lenye vipimo vibaya kumi lina thamani kuliko chupa moja nzuri usiyoweza kuirudia.

Kwa asiyetumia alkoholi

Wengi wetu hatupaki manukato yenye alkoholi, na mchanganyiko huu unakubali mafuta. Chukua gramu 1 ya mchanganyiko mzito na gramu 9 za mafuta ya mbegu za jojoba, ndani ya kichupa chenye kigololi. Mafuta ya nazi ya kawaida hayafai sana: yananukia nazi, na huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yapo mafuta ya nazi yaliyochujwa yasiyoganda wala kunukia, hayo ni mazuri.

Tarajia tofauti. Mafuta hulizuia limau lisiruke, kwa hiyo linadumu kidogo zaidi lakini ule mlipuko wa mwanzo haupo. Linasikika kwa karibu, kwa anayekukumbatia. Ili kurudisha uchangamfu, katika kipimo cha gramu 10 ongeza litsea hadi 0.30 na upunguze mwerezi hadi 0.80. Kikomo cha jua kinabaki palepale: kipimo cha 1 kwa 9 kinaleta asilimia 1.5 ya limau kama ilivyo kwenye alkoholi.

Kuhifadhi na kujipaka

Adui ni hewa, mwanga na joto, na Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili vyote vitatu viko sebuleni. Chupa ya mafuta ya limau ikishafunguliwa, yahamishie kwenye vichupa vidogo vilivyojaa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, na uviweke friji. Tone la vitamini E kwenye mchanganyiko wa mafuta husaidia kuchelewesha kuchakaa. Mafuta mabichi ya limau jaribu kuyamaliza ndani ya mwaka. Odikoloni iliyokamilika, ikilindwa na alkoholi, huenda zaidi ya hapo.

Jipulizie baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, kifuani na nyuma ya shingo chini ya nguo, ambako jua halifiki. Kwenye kanzu nyeupe usipulizie kwa karibu, maana limau la kukamua lina rangi na linaweza kuacha doa la manjano. Pulizia ndani, upande wa bitana au kwenye leso. Na jaza kichupa kidogo cha mfukoni. Saa sita mchana utakuwa umebaki na ubani na mwerezi tu. Puliza mara moja, na limau litapiga hodi tena.